Eglantyne Jebb: Mwingereza aliyeshtakiwa kwa kuwaombea chakula watoto wa adui

ALHAMISI ya Mei 15, 1919, mwanamke mmoja wa miaka 42 alisimama mbele ya hakimu katika mahakama ya Mansion House jijini London, kujibu mashtaka ambayo leo yangemshangaza yeyote. Hakuwa ameiba wala hakuwa amemtusi mfalme. Alishtakiwa kwa kusambaza vijikaratasi vyenye picha ya mtoto aliyekondeana kwa njaa hadi mbavu zikahesabika.

Kosa halikuwa picha yenyewe. Kosa lilikuwa kwamba mtoto huyo alikuwa wa Austria, nchi iliyokuwa imetoka kupigana na Uingereza kwa miaka minne, na kwamba maelezo yaliyoandamana na picha yalitaja bila kuficha ni nani aliyemtia njaa: serikali ya Uingereza.

Mwanamke huyo aliitwa Eglantyne Jebb. Siku nne baada ya hukumu, yeye na dadaye Dorothy Buxton walizindua hazina ya kuwachangia watoto hao, ambayo ilikua ikawa shirika la Save the Children. Wakazi wa Wajir, Mandera na Turkana wanalijua vyema jina hilo, hasa nyakati za kiangazi. Jina la mwanzilishi wake ni wachache wanaolikumbuka.

La ajabu ni kwamba Jebb hakuwahi kuolewa, hakujaliwa mtoto, na barua zake kwa jamaa na marafiki zinaonyesha kwamba hakufurahia sana kukaa na watoto wa watu. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kazi ikamshinda. Anayetarajia kusoma habari za mama mpole aliyezungukwa na watoto mapajani hatampata hapa. Jebb alikuwa mtu wa hesabu, ripoti na hoja, na huenda hiyo ndiyo sababu kazi yake ilidumu kuliko ya wengi waliosukumwa na huruma ya siku moja.

Alizaliwa Agosti 25, 1876, karibu na mji mdogo wa Ellesmere katika jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Aila yake ilikuwa na mali na elimu. Babake, Arthur Trevor Jebb, alikuwa wakili na mwenye mashamba. Mamake aliasisi chama cha kuwafunza wanakijiji ufundi wa mikono, kama vile useremala na ususi, ili wajipatie kipato na kujivunia kazi yao. Somo la kwamba maskini asipewe sahani tu bali apewe pia namna ya kuijaza, Eglantyne alilipata nyumbani.

Enzi hizo, kumpeleka binti chuoni lilikuwa jambo la kubishaniwa. Shangazi yake alisimama kidete kumtetea, na mnamo 1895 Eglantyne akajiunga na bweni la wanawake la Lady Margaret Hall, Oxford, kusomea historia. Mwaka uliofuata, kaka yake mdogo, Gamul, alifariki kwa nimonia akiwa bado mwanafunzi. Kifo hicho kilimwathiri sana, na kuanzia hapo alitafuta kazi ambayo ingekuwa na manufaa kwa wengine.

Alidhani ameipata katika ualimu. Alisomea kazi hiyo, akafundisha katika shule ya St Peter's mjini Marlborough, iliyokuwa na wanafunzi wengi kutoka familia za kimaskini. Haikuchukua muda kabla hajatambua kwamba hana kipawa hicho. Afya yake nayo haikuwa nzuri. Aliacha kazi akaenda kuishi na mamake mjini Cambridge.

Huko Cambridge alijiunga na chama kilichoratibu misaada ya mashirika ya hisani mjini. Kanuni ya chama hicho ilikuwa kwamba kabla ya kutoa senti, chunguza kwanza: huyu anahitaji nini, amekosa kwa nini, na ni nani mwingine anayemsaidia. Wengi waliiona kanuni hiyo kuwa ya kikatili, na kwa kweli mara nyingine ilikuwa hivyo, maana mwenye njaa huchoka kuhojiwa. Lakini Jebb alijifunza humo nidhamu ya kuhesabu. Mnamo 1906 alichapisha kitabu kizima kuhusu hali ya kijamii ya Cambridge, akieleza nyumba mbovu, ulevi, ajira za vijana na mishahara duni katika mji ambao wageni waliujua kwa vyuo na bustani zake tu. Baadaye alisaidia kuendesha ofisi ya kuwatafutia vijana wa mji huo kazi zenye mustakabali.

Safari iliyombadilisha ilikuja mwaka wa 1913. Vita vya Balkan vilikuwa vimewaacha maelfu ya watu bila makao, na hazina moja ya misaada ikamtuma Jebb kupeleka fedha Macedonia na kukagua matumizi yake. Aliwakuta wakimbizi, wengi wao Waislamu waliofurushwa vijijini mwao, wakingojea mgao wa chakula ambao haungetosha. Aliporejea aliandika kuhusu aliyoyaona, na hoja yake haikuwa tu kwamba fedha ziongezwe. Alisema misaada huja nyuma ya vita ikiokota mabaki, na kwamba bila kushughulikia chuki iliyozaa vita, kazi hiyo haitakuwa na mwisho.

Mwaka mmoja baadaye Ulaya nzima iliwaka moto.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Dorothy, mdogo wake Eglantyne, alifanya jambo lililohitaji ujasiri. Aliomba idhini ya kuagiza magazeti ya nchi za kigeni, yakiwemo ya maadui, kisha yeye na wenzake wakawa wanatafsiri dondoo zake na kuzichapisha katika jarida la Cambridge Magazine. Mumewe Dorothy, Charles Roden Buxton, alikuwa mwanasiasa, na kitukuu cha Thomas Fowell Buxton aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa katika milki ya Uingereza. Nyumba hiyo ilizoea kusimama peke yake.

Eglantyne alijiunga na kundi la watafsiri. Siku baada ya siku alisoma kile ambacho magazeti ya London hayakukiandika: kwamba katika miji ya Ujerumani na Austria, watoto walikuwa wanakufa kwa kukosa maziwa na mafuta. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za bahari ili adui asipate chakula wala malighafi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Vita vilisimama Novemba 11, 1918, lakini mzingiro huo haukuondolewa. Mataifa yaliyoshinda yaliendelea kuubana hadi Ujerumani itie sahihi mkataba wa amani, jambo lililofanyika mwishoni mwa Juni 1919. Kwa zaidi ya miezi saba baada ya bunduki kunyamaza, njaa ilitumiwa kama silaha. Jijini Vienna, madaktari waliripoti watoto wenye miguu iliyopinda kwa matege, wenye kifua kikuu, na wengine wa miaka kadhaa ambao bado hawangeweza kutembea.

Mapema mwaka wa 1919, akina Buxton na wenzao waliunda baraza la kupigana na njaa hiyo. Lengo lake lilikuwa la kisiasa: kuishinikiza serikali iondoe mzingiro. Vijikaratasi vilichapishwa, na mwezi wa Aprili Eglantyne Jebb na mwenzake Barbara Ayrton Gould wakavigawa katika uwanja wa Trafalgar, katikati ya London.

Sheria ya ulinzi wa taifa iliyopitishwa wakati wa vita ilikuwa bado inatumika, nayo ilitaka karatasi yoyote kuhusu vita au amani ipitiwe kwanza na wakaguzi wa serikali. Vijikaratasi hivyo havikupitiwa na mtu. Wote wawili wakafikishwa mahakamani.

Jebb alijitetea mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kumtetea mtoto mwenye njaa si siasa bali ni utu, hivyo mkaguzi wa siasa hakuwa na la kukagua. Kisheria hakuwa na pa kushika, na hakimu alimpata na hatia. Hata hivyo, adhabu ilikuwa faini ya pauni tano tu, ilhali sheria iliruhusu adhabu kali zaidi. Kesi ilipokwisha, kiongozi wa mashtaka, Sir Archibald Bodkin, alimwendea mshtakiwa akampa pauni tano kutoka mfukoni mwake. Jebb hakuzitumia kulipia faini. Aliziweka ziwe mchango katika hazina ambayo ilikuwa ianzishwe siku chache baadaye.

Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa maisha yake ulipo. Baraza la kupigana na njaa lilitaka kubadilisha sera, na sera hubadilika polepole. Jebb na Dorothy waliona kwamba wakati wanasiasa wanabishana, mtoto hangeweza kungoja. Waliamua kutenganisha mambo mawili: baraza liendelee na siasa, nayo hazina mpya ishughulikie kukusanya fedha na kununua chakula, isiulize baba ya mtoto alipigana upande gani.

Mkutano wa uzinduzi uliitishwa Mei 19, 1919, katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Ulijaa pomoni, lakini si wote waliofika kwa nia njema. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waliohudhuria walibeba matofaa yaliyooza ili wawatupie wasaliti waliotaka kuwalisha Wajerumani. Katika nchi ambayo karibu kila nyumba ilikuwa imezika mwana, mume au kaka, hasira hiyo haikuwa ngeni. Jebb alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, kisha ikapanda kadiri alivyoendelea. Aliwauliza waliohudhuria iwapo wangeweza kuwatazama watoto wakifa kwa njaa bila kunyoosha mkono, kisha mchango ukapitishwa. Matofaa hayakurushwa.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wachimba migodi walitoa, walimu walitoa, watoto wa shule walitoa. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliunga mkono kampeni hiyo, na jibu lake kwa waliolalamika kwamba anawasaidia maadui likawa maarufu: kwamba hakuwa na adui aliye chini ya umri wa miaka saba.

Jebb hakuwa muumini wa Kanisa Katoliki, lakini alifahamu ni nani aliyekuwa na sauti inayofika kila kijiji cha Ulaya. Alimwandikia Papa Benedict XV. Papa huyo, aliyekuwa amevipinga vita tangu mwanzo, alitoa waraka Novemba 1919 akiagiza makanisa yote ya Kikatoliki duniani yachangishe fedha kwa ajili ya watoto wa Ulaya ya kati mnamo Desemba 28, siku ambayo Kanisa huwakumbuka watoto waliouawa na Herode. Jebb alisafiri hadi Roma akakutana naye. Katika waraka mwingine wa Desemba 1920, Papa aliitaja hazina ya Save the Children kwa jina na kuipongeza, heshima ambayo si kawaida kupewa shirika lisilo la kidini. Kanisa la Kianglikana na madhehebu mengine nayo yalichangisha.

Mnamo Januari 6, 1920, muungano wa kimataifa wa hazina hizo uliundwa Geneva chini ya udhamini wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mchoro uliotumiwa kama nembo ulikuwa wa mtoto mchanga aliyefungwa nguo, uliotokana na sanamu za kauri zilizo kwenye ukuta wa makao ya kale ya watoto waliotupwa mjini Florence, Italia.

Ni katika namna ya kukusanya fedha ambapo Jebb aliwatia wenzake kiwewe. Mashirika ya hisani ya wakati huo yalizoea kutegemea matajiri wachache, barua za adabu na karamu za chai. Jebb alimwajiri mtaalamu wa matangazo, Lewis Golden, akamruhusu anunue kurasa nzima za magazeti na kuzijaza picha za watoto wenye njaa pamoja na ombi la wazi la fedha. Wanachama wengine walilalamika kwamba huo ni uchuuzi, na kwamba fedha za mayatima zinapotea kwa magazeti. Jebb alijibu kwa takwimu: kila pauni iliyotumika kwa matangazo ilirudi na nyingine nyingi. Kufikia katikati ya mwaka wa 1921, hazina ilikuwa imekusanya zaidi ya pauni milioni moja, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo.

Palikuwa pia na mpango wa mtu mmoja au darasa moja la shule kumchukua mtoto fulani wa ng'ambo na kumlipia chakula kwa muda maalumu, huku barua zikisafiri kati yao. Utaratibu huo wa kumfadhili mtoto mmoja mmoja unafahamika sana Afrika Mashariki, ambako wapo watu wazima waliosomeshwa kwa njia hiyo na wafadhili wasiowahi kuonana nao. Ubaya wake pia unajulikana, kwani mtoto jirani asiye na mfadhili hubaki akitazama.

Kuhusu matumizi, Jebb alishikilia yale aliyojifunza Cambridge. Mwanzoni hazina haikupeleka wafanyakazi wake kila mahali, bali ilitoa fedha kwa mashirika yaliyokuwa tayari yanafanya kazi katika nchi husika, na kudai hesabu. Mjini Budapest ilisaidia shule za kazi ambamo wasichana maskini walipata chakula na wakati uo huo wakafunzwa ushonaji na ufundi mwingine. Aliogopa sana kwamba misaada ingewazoeza watu kuomba, na aliona kwamba msaada usiopanga siku ya kwisha kwake haujapangwa.

Mtihani mgumu zaidi ulitokea Urusi. Mwaka wa 1921, ukame, vita vya wenyewe kwa wenyewe na unyakuzi wa nafaka uliofanywa na serikali ya Wabolsheviki vilisababisha njaa kali katika bonde la mto Volga. Safari hii hazina iliingia yenyewe. Meli iitwayo Torcello ilipakia tani 600 za vyakula na dawa, na majiko yakafunguliwa katika mkoa wa Saratov. Kilele cha kazi hiyo kilipofika, karibu watoto 300,000 walikuwa wanalishwa kila siku. Msaada wa Wamarekani chini ya Herbert Hoover ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali, ukiwafikia watu zaidi ya milioni kumi kwa siku, lakini kwa hazina ya miaka miwili tu, kazi ya Saratov ilikuwa ya kutajika.

Gazeti la Daily Express lilianzisha kampeni dhidi ya mchango huo. Lilihoji ni kwa nini fedha za Waingereza ziwalishe watoto wa Wabolsheviki ilhali Uingereza yenyewe ilikuwa na watu wengi wasio na kazi, na likadokeza kwamba habari za njaa zilitiwa chumvi. Jebb na wenzake walimtuma mpiga picha George Mewes akarekodi filamu Saratov. Filamu hiyo ilionyeshwa katika kumbi za Uingereza, na walioiona hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Aidha, hazina ilitenga sehemu ya fedha kwa watoto maskini wa Uingereza, ili isiambiwe kwamba imeacha mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuisoma kampeni hiyo kana kwamba iliwahusu watoto wote waliodhurika. Vita vile vile vilipiganwa pia Afrika Mashariki, ambako makumi ya maelfu ya wapagazi walioandikishwa na jeshi la Uingereza walikufa kwa maradhi na uchovu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umehifadhi jina lao. Michango ya 1919 ilikuwa ya Ulaya, na mayatima wa wapagazi hao hawakuwamo kwenye picha wala kwenye hesabu. Lililo la Jebb ni kwamba aliandika kanuni ambayo baadaye ilitumiwa kuuliza swali hilo hilo.

Kufikia 1922 alikuwa ameanza kuona kwamba fedha pekee hazitoshi. Michango hupungua gazeti linapobadilisha habari, na mtoto anayelishwa kwa hisani leo hana anachoweza kudai kesho. Alitaka mtoto awe na haki, si bahati ya kuhurumiwa. Inasimuliwa kwamba katika majira ya joto alipanda mlima Salève, unaotazamana na mji wa Geneva, akakaa huko akiandika, na aliposhuka alikuwa na rasimu fupi mkononi.

Ilikuwa na ibara tano tu. Kwa ufupi, zilisema kwamba mtoto apewe mahitaji ya kukua kimwili na kiroho. Kwamba mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arejeshwe, na yatima apewe hifadhi. Kwamba wakati wa janga mtoto awe wa kwanza kusaidiwa. Kwamba aandaliwe kujitegemea na alindwe asinyonywe. Na kwamba alelewe akijua vipawa vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Utangulizi wake uliweka kando tofauti za rangi, taifa na dini.

Ufupi huo ulikusudiwa. Jebb alitaka maneno ambayo mwalimu wa kijijini angeweza kuyabandika ukutani, na ambayo serikali isingepata pa kujifichia. Muungano wa Geneva uliyapitisha mwaka wa 1923, na Septemba 26, 1924, Ushirika wa Mataifa ukayaidhinisha. Yakaitwa Azimio la Geneva. Hayakuwa na nguvu ya kisheria, na hilo ni pengo kubwa, lakini kabla ya hapo mataifa hayakuwa yamewahi kutia sahihi hati ya pamoja ya haki za mtoto.

Wakati huo wote Jebb alikuwa mgonjwa. Alisumbuliwa kwa miaka mingi na maradhi ya tezi la shingoni na alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Aliishi maisha ya kawaida sana, akivaa nguo zile zile, akisafiri baina ya London na Geneva na miji mikuu ya Ulaya akiwa na mikoba ya makaratasi. Marafiki walimsihi apumzike, naye hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alifariki Geneva Desemba 17, 1928, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa katika makaburi ya St George mjini humo.

Miaka mitatu baadaye, Juni 1931, muungano aliouacha uliitisha mkutano Geneva kuhusu mtoto wa Kiafrika. Ulizungumzia vifo vya watoto wachanga, elimu na ajira za watoto katika makoloni, lakini idadi kubwa ya wajumbe walikuwa wamishonari, maafisa wa serikali za kikoloni na wataalamu wa Kizungu. Suala la tohara ya wasichana liliibuka, wakati ambapo lilikuwa limeitikisa jamii ya Wakikuyu na kuwafanya wengi wahame makanisa na shule za wamishonari. Jomo Kenyatta aliutaja mkutano huo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, akiwakosoa Wazungu waliotaka mila hiyo ipigwe marufuku kwa sheria bila kuelewa nafasi yake katika jamii.

Kenya huru imeukata mzozo huo kwa njia yake: sheria ya mwaka wa 2011 imepiga marufuku ukeketaji, ikiwa imepitishwa na bunge la Wakenya wenyewe. Lakini swali la Kenyatta, la ni nani mwenye haki ya kuamua kwa niaba ya mtoto wa wengine, lingali linawahusu wote wanaovuka bahari na mifuko ya misaada. Jebb mwenyewe aliligusa alipowaachia wenyeji wa Budapest waendeshe shule zao. Waliomfuata hawakulikumbuka kila mara.

Hapa nchini, mbegu yake ilimea katika mambo yanayoonekana kwa macho. Novemba 14, 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa ajili ya wavulana waliobaki bila makao baada ya miaka ya Hali ya Hatari, wakianza na mabanda mawili ya mabati. Save the Children Fund ilikuwa miongoni mwa waliokisaidia, na wanafunzi wengi walisoma kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Griffin aliongeza sharti ambalo Jebb angelikubali bila kusita, kwamba wanafunzi nao wajitolee kuhudumia umma wakati wa likizo.

Siku sita baada ya Starehe kufunguliwa, Umoja wa Mataifa ulipitisha tangazo jipya la haki za mtoto lenye kanuni kumi, likipanua zile ibara tano. Novemba 20, 1989, ukaja Mkataba wa Haki za Mtoto, wenye nguvu ya kisheria, nayo Kenya ikauridhia Julai 30, 1990. Sheria ya Watoto ya 2001, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022 zote zinatokana na mkondo huo. Sheria hii ya mwisho inaweka mkazo katika mtoto kulelewa na familia badala ya kuwekwa kwenye makao, katika nchi ambayo makao ya mayatima yaliongezeka mno kwa sababu wafadhili na wageni wa kujitolea walivutiwa zaidi na jengo lililojaa watoto kuliko nyanya anayelea wajukuu kijijini.

Mnamo Februari 2024, mabaki ya Eglantyne Jebb yalihamishwa kutoka St George hadi makaburi ya Cimetière des Rois, mahali ambapo jiji la Geneva huwazika watu liliowaenzi, akiwemo mwanamageuzi wa kidini Jean Calvin.